Hovakrafti hairuki

Kwa wachoraji wa miji ya siku zijazo, mchoro ni ule ule: kijana wa panki mwenye kiduku cha rangi ya waridi na koti la ngozi, kapanda chombo kisicho na magurudumu, anapasua katikati ya maghorofa huku taa za neoni zikimeremeta mbali chini yake. Halafu mtu anaandika pale: "hovakrafti". Siyo.

Hovakrafti ni chombo kinachobebwa na hewa ambayo kimeisukuma na kuifungia kati ya tumbo lake na uso ulio chini yake, uwe maji, tope, barafu au lami. Kuifungia, si kuipuliza tu.

Mwaka 1955 mhandisi Mwingereza Christopher Cockerell alichukua kopo la kahawa na la chakula cha paka, akaingiza dogo ndani ya kubwa, akapuliza hewa ipite kwenye mwanya wa mviringo uliobaki, kisha akapima msukumo kwa mizani ya jikoni. Msukumo ukazidi ule wa kopo moja tupu, kwa kuwa pete ile ya upepo iliizuia hewa ya katikati isitoroke. Tarehe 25 Julai 1959 chombo cha majaribio, SR.N1, kilivuka bahari kutoka Calais hadi Dover. Sketi ya mpira inayoning'inia ukingoni ilifuata baadaye, na bila hiyo mawimbi yangekuwa kikwazo kila siku.

Ukishaifungia hewa, uzito si tatizo tena. Chombo cha tani moja chenye tumbo la mita 10 za mraba kinahitaji presha inayoizidi ya nje kwa takriban asilimia 1 tu. Ndiyo maana zile kubwa za SR.N4, zilizovusha watu na magari kati ya Uingereza na Ufaransa kuanzia 1968 hadi 2000, ziliwezekana. Gharama iko kwenye uvujaji. Hewa hutorokea kwenye upenyo kati ya ukingo na ardhi, na injini lazima iifidie. Upenyo wa sentimita 2 ukiufanya mita 1, umeongeza uvujaji mara 50, na nguvu ya injini inayotakiwa nayo inapanda hivyo hivyo. Sasa mpandishe yule kijana ghorofa ya 40. Hakuna tena cha kuifungia hewa.

Na kona je? Hovakrafti haina tairi la kung'ata barabara. Ukikata usukani, pua inageuka lakini chombo kinaendelea kuteleza upande kilikokuwa kinaelekea, kwa hiyo kuchomekea kwenye foleni kama anavyofanya huyu ni kujitafutia ukuta.

Wengine huchanganya humo na treni ya Shanghai, ambayo huelea kwa sumaku juu ya njia yake maalumu wala haihitaji hewa iliyofungiwa chini yake. Droni nazo husukuma hewa chini bila kujali kama kuna ardhi. Kipimo changu ni hiki: kipeleke chombo ukingoni mwa korongo. Droni itaendelea. Hovakrafti itaanguka.

Kwa hiyo, wachoraji, kijana wenu amepanda pikipiki ya kuruka, na jina hilo linamtosha. Mkiitaka hovakrafti kweli, mshusheni barabarani, mchoreeni sketi ya mpira na feni kubwa mgongoni, na mumpe vizuia sauti vya masikioni, maana zile mashine zina kelele kweli.