Lengo la kazi kwenye CV ni nini, na linaandikwaje

Lengo la kazi ni ile sentensi moja au mbili inayokaa juu ya CV, chini ya jina na namba ya simu, ikimweleza mwajiri unaomba kazi gani na una nini cha kumfaa. Ni hilo tu. Historia yako ina sehemu yake kule chini, na maelezo marefu ya kwa nini unaipenda kazi hiyo yakae kwenye barua ya maombi.

Tatizo ni kwamba wengi hulirithi. CV ya kaka aliyetangulia kumaliza chuo inabebwa kwenye flashi hadi steshenari, inabadilishwa jina na tarehe ya kuzaliwa, lengo linabaki vilevile: "Kufanya kazi katika taasisi yenye ushindani ambapo nitatumia ujuzi wangu kikamilifu na kujiendeleza kitaaluma." Kazi gani? Haijatajwa. Ujuzi upi? Haujatajwa. Kilicho wazi hapo ni kwamba mwombaji anataka kujiendeleza, na hiyo ni faida yake yeye, si ya anayelipa mshahara. Nesi, dereva wa lori na mhasibu wote wangeweza kuitumia sentensi hiyo bila kugusa hata nukta.

Tuchukue mfano wa binti mwenye stashahada ya uhasibu, aliyefanya mafunzo kwa vitendo kwenye SACCOS moja mjini Morogoro. Ameona tangazo la mhasibu msaidizi katika kampuni inayouza vifaa vya ujenzi. Wanataka mtu wa kulinganisha vitabu na taarifa za benki, kutumia mashine ya EFD ya kutolea risiti na kuandaa ritani za VAT, yaani taarifa za kodi ya ongezeko la thamani. Kabla hajaandika chochote, avipigie mstari vitu hivyo vitatu, kisha ajiulize kipi amekishika kwa mikono yake. Kule SACCOS alikuwa akilinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi. VAT ameisoma darasani. Anajua ritani inatakiwa iwe imefika TRA ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, ila hajawahi kuiandaa. EFD hajaigusa kabisa. Basi anaandika:

"Naomba nafasi ya mhasibu msaidizi. Nina stashahada ya uhasibu, na katika mafunzo kwa vitendo kwenye SACCOS nililinganisha daftari la fedha na taarifa za benki kila mwezi. Niko tayari kusaidia kuandaa ritani za VAT chini ya usimamizi wa mhasibu."

Zimekuwa sentensi tatu fupi, si mbaya. Cheo amekitaja kama kilivyo kwenye tangazo, alichowahi kufanya kinaonekana, na EFD ameiacha. Neno ninalolipenda zaidi hapo ni "kusaidia": linaonyesha mtu anayejua mipaka yake, na siku ya usaili hatababaika. Angejiita mtaalamu wa kodi, swali la kwanza tu lingemuumbua.

Mbona hakuweka "mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa"? Kwa sababu hakuna aliyewahi kujitangaza kuwa mvivu. Sifa za namna hiyo waachiwe wadhamini waziseme.

Je, kila mtu anahitaji lengo? Mimi naona hapana. Linamfaa aliyetoka chuoni juzi, anayerudi kazini baada ya kukaa nyumbani kulea, na zaidi ya wote anayebadili fani. Mwalimu wa Hisabati akiomba kazi ya kukusanya takwimu kwenye mradi wa afya bila lengo, anayeipitia CV yake atadhani imepotea njia. Akieleza mwanzoni kabisa kwamba kwa miaka kadhaa ndiye aliyekusanya na kuchambua matokeo ya mitihani shuleni kwake, na sasa anataka kufanya kazi hiyo ya takwimu moja kwa moja, ameeleweka. Ila mwenye CPA, cheti cha juu cha uhasibu, na miaka minane ya ukaguzi wa hesabu, anayeomba kazi ya ukaguzi wa hesabu, aweke muhtasari mfupi wa uzoefu wake, anachotaka kinajulikana.

Kwa nafasi za serikali zinazopitia Ajira Portal, usikeshe nalo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaja wazi kiwango cha elimu na vyeti vinavyotakiwa, na pengine usajili wa bodi ya taaluma. Lengo lililoandikwa vizuri namna gani haliwezi kuziba nafasi ya cheti ambacho huna.

Kuhusu lugha, fuata ya tangazo. Likiwa la Kiingereza, kama yalivyo mengi ya kampuni binafsi na mashirika, andika kwanza kwa Kiswahili mpaka uone umesema kitu, ndipo ulipeleke kwenye Kiingereza. Kiingereza cha kukopa ndicho kinacholeta zile "taasisi zenye ushindani". Na liandike mwisho, CV nzima ikiwa imekamilika, ili kila unachodai pale juu kiwe na mahali kinapoonekana chini. Ukiwa umetaja jina la kampuni, lisome tena kabla ya kutuma maombi kwingine.