Je, wajua kwa nini studio haipaswi kubandika picha yako dirishani bila kukuuliza?

Pita mitaa ya Ngamiani, Tanga, uangalie vioo vya studio za picha. Utamwona bibi harusi mwenye hina hadi viwikoni, mtoto wa chekechea ndani ya joho la mahafali, mzee wa kanzu na koti. Hakuna aliyekwenda pale ili awe tangazo. Walikwenda kupigwa picha, wakalipa, wakachukua nakala zao. Basi mwenye studio amepata wapi ruhusa ya kuwaweka dirishani? Picha si kaipiga yeye?

Kaipiga yeye, na huenda kweli hakimiliki ni yake. Ila ndani ya picha moja ya sura ya mtu mna haki mbili, na kila moja ina mwenyewe: ya aliyeitengeneza picha na ya mwenye sura. Kuwa na ya kwanza hakukupi ya pili. Magomvi mengi kati ya studio na wateja huanzia hapo, kila upande ukiwa umeshika haki yake na kudhani ndiyo zote.

Tuanze na ya mpiga picha. Mwaka 1882 Napoleon Sarony, mpiga picha wa New York, alimpiga picha mwandishi Oscar Wilde. Kampuni moja ya uchapaji ikatoa nakala 85,000 bila kumuuliza Sarony. Ilipofikishwa mahakamani ilijitetea kwamba kamera ni mashine tu na mashine haitungi kitu. Mwaka 1884 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa hoja hiyo: Sarony ndiye aliyemkalisha Wilde, akachagua mavazi na pazia, akapanga mwanga na kivuli, akatafuta namna ya uso kuonekana. Huo ni utunzi. Tanzania nayo, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, picha ni kazi inayolindwa, na ulinzi huanza kazi inapotengenezwa, hata kama haijasajiliwa popote. Usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, ni wa hiari. Faida yake ni kuwa na cheti cha kuonyesha siku mtu akidai picha ni yake.

Kazi ya kuagizwa ndiyo yenye utata, na nchi hazifanani. Uingereza, hadi tarehe 1 Agosti 1989, aliyelipia picha ndiye aliyekuwa mwenye hakimiliki. Sheria mpya ikaihamishia kwa mpiga picha, ila aliyeagiza picha kwa matumizi ya nyumbani akaachiwa haki ya kuzuia isitolewe hadharani. Kwa hiyo usitegemee mazoea. Andika kwenye mkataba, hata kama ni nusu ukurasa, hakimiliki inabaki kwa nani na mteja anaruhusiwa kufanya nini na faili. Mkataba ukinyamaza, kila mtu ataujaza kwa namna inayomfaa.

Sasa sura. Julai 1898, usiku aliofariki Bismarck, kansela wa zamani wa Ujerumani, wapiga picha wawili waliingia kwa dirisha chumbani alimolazwa wakampiga picha kitandani. Familia ilishinda kesi, lakini majaji walipata shida: hapakuwa na sheria iliyosema sura ya mtu ni ya nani, ikabidi wategemee kosa la kuingia nyumba ya watu bila ruhusa. Ndipo Ujerumani ikatunga sheria ya 1907 inayotaka ridhaa ya aliyepigwa kabla picha haijasambazwa, na akifariki ridhaa hutolewa na ndugu zake kwa miaka 10. (Tanga wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani hao hao.)

Kwetu, mzizi ni Ibara ya 16 ya Katiba inayolinda faragha ya mtu, na tangu tarehe 1 Mei 2023 inafanya kazi Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayosimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi, na taarifa iliyochukuliwa kwa lengo moja haihamishwi kwenda lengo jingine bila msingi wa kisheria. Wewe mwenye studio, mteja alikupa sura yake kwa ajili ya albamu ya harusi. Tangazo la studio ni lengo jingine, kwa hiyo anaombwa upya. Hilo ndilo jibu la swali la dirishani.

Namna ya kuomba si kazi kubwa. Kinachoharibu ni kuomba kwa jumla jumla. Ule mstari mdogo nyuma ya risiti, "studio ina haki ya kutumia picha zote", ni dhaifu: mteja hakuusoma, hakuchagua, na wala haujataja picha gani. Ujumbe mfupi wa WhatsApp baada ya picha kuwa tayari una nguvu zaidi, mradi utaje namba za picha, zitawekwa wapi, na kwa muda gani:

"Habari dada, hongera tena. Tunaomba kuweka picha namba 14 na 22 za send-off yako kwenye Instagramu ya studio na kwenye bango la dukani kwa mwaka mmoja. Hatutazitumia kwingine wala kumpa mtu mwingine. Ukibadili mawazo tutazitoa mtandaoni ndani ya siku 3. Ukikubali, jibu: Nakubali 14 na 22."

Akijibu "sawa" tu, mwombe ataje namba. Akikaa kimya, hajakubali. Kwa mtoto, anayeombwa ni mzazi au mlezi, tena kwa maandishi, kwa sababu sheria inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Mwalimu aliyewapanga foleni siku ya mahafali si mlezi wao. Kwa mzee asiyesoma, msomee mbele ya mtu wake, aweke dole gumba, na huyo shahidi atie sahihi.

Penye hatari kuliko pote, kwa Tanga, ni ukumbi wa wanawake. Bibi harusi amefanyiwa singo (kusuguliwa mwili kwa manukato), kapambwa, na shughuli ni ya wanawake watupu. Mpiga picha ni mwanamke, mlangoni simu zinakusanywa. Bibi harusi anaweza kukubali kabisa picha yake iwekwe hadharani, ila nyuma yake wamekaa shangazi na majirani waliovua mitandio wakijua wako wenyewe. Ridhaa yake haiwafuniki hao. Kuwatia ukungu kwa programu mara nyingi hakutoshi, maana nguo na umbo vinatambulika, na mji wenyewe watu wanajuana. La busara ni kupanga mapema: picha za tangazo zipigwe kabla shughuli haijaanza, ukuta mtupu au pazia nyuma, bibi harusi peke yake. Dakika 10 zinatosha.

Picha ikishatoka, mpambaji naye anaitaka kwenye ukurasa wake, na aliyeshona gauni vile vile. Kila mmoja anahitaji ruhusa mbili: ya studio kwa sababu ya hakimiliki, na ya bibi harusi kwa sababu ya sura. Ruhusa uliyopewa wewe haihamii kwao yenyewe. Ndiyo maana ukijua wataitaka, wataje kwenye ule ujumbe tangu mwanzo.

Kuna na vitu vya watu wengine vinavyoingia ndani ya fremu. Kijana kaja na jezi ya Coastal Union baada ya mechi ya Mkwakwani, akapiga picha yake, akaondoka nayo: hakuna neno. Ukiikuza picha hiyo kuwa bango, nembo ya timu kifuani na jina la studio juu yake, mpita njia ataelewa kwamba timu na studio wana ushirikiano. Alama za biashara zipo kuzuia mkanganyo wa aina hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa mfanyakazi wa benki aliyevaa sare: yeye anakupa ruhusa ya uso wake, nembo ya benki si yake kuitoa. Mpige picha nyingine bila koti la kazi, umalize.

Jina lako mwenyewe nalo liangalie. Wengi husajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, wakaamini limelindwa. Jina la biashara linaonyesha nani anaendesha biashara. Kinachokupa nguvu ya kumzuia mwingine asilitumie ni alama ya biashara, ambayo husajiliwa hapo hapo BRELA lakini kwa ombi jingine. Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma, na huduma ya kupiga picha iko daraja la 41. Usajili hudumu miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara, na unahusu Tanzania Bara tu. Zanzibar wana usajili wao. Jina kama "Tanga Picha" litakupa taabu, kwa kuwa linataja mji na kazi, vitu ambavyo kila mpiga picha wa hapa anavihitaji.

Picha yako ikiibwa, nembo uliyoweka pembeni hukatwa kwa sekunde, na WhatsApp, picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, huondoa taarifa zilizofichwa ndani ya faili, kama tarehe na kamera iliyotumika. Kinachobaki kuwa ushahidi ni faili ghafi lililotoka kwenye kamera, pamoja na picha za kabla na baada ya hiyo, ambazo mwizi hana. Yahifadhi mahali pawili. Kwenye folda hiyo hiyo weka nakala ya ujumbe wa ridhaa, uipe namba ya picha. Simu ya kazi hubadilishwa, na mazungumzo ya mwaka juzi huondoka nayo.