Frihodi ya blok ya kaunsili: maneno ya kwenye ngazi na ukweli wenyewe

Wengi wetu huku London flati tulinunua kwa kaunsili (serikali ya mtaa) kupitia Right to Buy, ile haki ya mpangaji wa kaunsili kununua nyumba anayokaa, na kila bili ya paa ikija lazima mtu aseme jamani si tununue frihodi, yaani umiliki wa jengo zima na ardhi yake, tujitawale. Wazo zuri tu, ila yanayosemwa pale kwenye ngazi mengi sio.

Eti "mi nyumba nilishanunua, ni yangu". Ulichonunua ni lisi, yaani haki ya kuishika flati kwa muda uliopangwa, kwa kawaida miaka 125, jengo na ardhi bado ni vya kaunsili. Kodi ya ardhi mnayolipa kaunsili (ground rent) kwa flati hizi haizidi pauni 10 kwa mwaka, hiyo haimuumizi mtu. Inayouma ni sevisi chaji, mchango wa kutunza jengo.

Eti "kaunsili itakataa tu". Hapana, sheria ya 1993 ya England na Wales inawabana na wao, mkitimiza masharti wanauza, mkishindwana bei inaamua mahakama ndogo ya mambo ya nyumba (tribunal), sio kaunsili. Kinachowakwamisha watu ni hesabu: angalau theluthi mbili ya flati zote kwenye jengo ziwe zimeshauzwa kwa lisi ndefu, halafu wanaojiunga kununua wafike nusu ya flati zote. Chukua blok ya flati 12, kaunsili bado inapangisha 5, zilizouzwa 7. Theluthi mbili ya 12 ni 8, kwa hiyo mmekosa kwa mlango mmoja, hata wote saba mkija na hela mkononi! Na kama kuna tajiri mmoja ana flati tatu au zaidi humo ndani, zake hazihesabiwi kwenye hizo theluthi mbili. Yaani kabla hujamlipa loya hata senti, panda ghorofa zote uhesabu milango.

Eti lazima kwanza umiliki flati miaka miwili? Hiyo ilikuwa ya kuongeza lisi, na ilishafutwa Januari 2025.

Halafu kuna hili linalogombanisha majirani, eti mkinunua wapangaji wa kaunsili watafukuzwa au mtakuwa malendilodi wao. Uongo. Flati zao sheria inalazimisha zirudishwe kwa kaunsili kwa lisi ya miaka 999, kodi yake punje moja ya pilipili manga, yaani ni kama bure (sitanii, ndo ilivyo kisheria). Mpangaji anabaki wa kaunsili vilevile, ila kaunsili yenyewe sasa ndo imekuwa na lisi kwenu na inachangia sevisi chaji kama nyie.

Na eti mkishanunua bili zimeisha. Kwanza kwa sasa mnalipia na gharama za loya na mthamini wa kaunsili, halafu paa ni lilelile, bima mtafute nyie, kotesheni mtafute nyie, mambo ya usalama wa moto nyie. Kwenye kikao chetu bi mkubwa mmoja wa ghorofa ya juu aliuliza, "Haya, likivuja siku ya Krismasi, nani anampigia fundi?" Watu wote wakaangalia simu zao.