Lahaja ni nini hasa? Tuangalie Kiestonia na Kiromania

Watu wengi wakisikia lahaja wanafikiria lafudhi tu, yaani mtu anavyovuta maneno, kumbe lahaja inaingia mpaka kwenye sarufi na msamiati, na wala tofauti za lahaja usizipime kwa ukubwa wa nchi maana utapotea.

Estonia ni kanchi kadogo, wanaoongea Kiestonia ni kama milioni 1 na kitu hivi, lakini kaskazini na kusini wameachana mbali sana. Kijiji kwa Kiestonia sanifu ni küla, ukienda kusini kwa wasemaji wa Kivõro ni külä, kwa sababu wao bado vokali za neno moja lazima zipatane na sanifu iliacha zamani. Samaki wakiwa wengi sanifu inasema kalad, Kivõro kalaq, na hiyo q sio k, ni sauti inayokatwa kooni. Wanaisimu wengi wanasema kusini ndio ilijitenga mapema kabisa na ndugu zake wote wa kundi la Kifini (lugha kama Kifini na Kiestonia), kwa hiyo mimi naona kuiita lahaja tu ni kuipunja. Na ilitangulia hata kwenye Biblia, Agano Jipya lilitoka kwa lugha ya kusini mwaka 1686, ila Biblia nzima ilipokuja 1739 ikawa ya kaskazini, basi mambo yakahamia Tallinn, mji mkuu ulioko kaskazini.

Sasa Romania, eneo lake ni zaidi ya mara 5 ya Estonia, lakini mtu wa Iași, mji wa mashariki, na mtu wa Timișoara, mji wa magharibi, wanapiga stori bila mkalimani. Tofauti zipo, bine (vizuri) upande wa Moldova (hapa ni eneo la mashariki mwa Romania, sio nchi) utaisikia kama ghini, na mahindi ni porumb kusini, păpușoi Moldova, cucuruz Transylvania, eneo la katikati ya nchi. Sababu inayotajwa sana ni wachungaji wa kondoo waliokuwa wanavuka milima ya Karpati na mifugo yao mwaka hadi mwaka, lugha ikawa inachanganyika.

Tofauti kubwa ziko nje ya hapo, kusini mwa mto Danube kuna Kiaromania, ambacho wataalamu wengi wa Romania wanakihesabu lahaja na wengine wanasema ni lugha kamili. Halafu nchi jirani ya Moldova, sio lile eneo la Romania, ni kinyume chake kabisa, lugha yao sanifu ni ileile ya Romania ila katiba ya 1994 iliiita Kimoldova, mpaka Machi 2023 bunge likapitisha sheria iandikwe Kiromania.