Mita 60 kutoka maji ya lini?

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa tena simu ileile. Safari hii ni mwalimu mstaafu, kiinua mgongo chake kiko benki na dalali kamganda kama kupe. "Mpimaji, nimepata kiwanja cha ufukweni huku Igombe, mita 60 zimezingatiwa. Njoo tu unithibitishie." Nikamuuliza, mita 60 kutoka wapi? Akacheka, kana kwamba nimemuuliza jua linatokea upande gani. "Kutoka majini, mwanangu!"

Hapo ndipo presha hunipanda. Maji ya lini?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa ziwa, na sheria ya rasilimali za maji ya 2009 nayo ina katazo la namna hiyo. Hadi hapo kila dalali wa Mwanza ni mwanasheria. Lakini soma kifungu chenyewe: hakikwambii uanzie kwenye maji ya Mei au ya Oktoba, ya mwaka wa ukame au wa mafuriko. Na dalali, ambaye si mjinga hata kidogo, wateja wa ufukweni huwaleta Septemba, masika yamesahaulika, maji yamerudi nyuma na mchanga umenyooka mweupe kama shuka.

Ziwa letu, Victoria, ni pana lakini si refu kwenda chini, wastani wa kina chake ni kama mita 40. Sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayolinyeshea lenyewe, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, kule Jinja, Uganda. Kwa hiyo mvua ikizidi misimu miwili mitatu mfululizo, ziwa linajaa, na likijaa halina haraka ya kushuka. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zikalipandisha tena. Mwaka 2006 likashuka mpaka watu wakalima mchicha mahali ambapo baba zao walitega nyavu. Halafu Mei 2020 kipimo cha Jinja (kinahesabu kutoka alama yake, si kina cha ziwa) kikasoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964, na 2024 likapanda tena, likaipita hata hiyo. Tofauti ya 2006 na 2020 inazidi mita 2. Ukisimama Capri Point juu ya majabali, mita 2 unaona jiwe limelowa tu. Kwenye ufukwe bapa, mita 2 hizo ni sebule, jiko na geti.

Jambo hili naona halimwingii mtu hata nikichora chini kwa kijiti. Sheria inapima kwenda mbele, ziwa linapanda kwenda juu. Kinachounganisha hivyo viwili ni mteremko. Ardhi ikiwa inapanda mita 1 kwa kila mita 40 unazotembea, basi ziwa likipanda mita 1 maji yanasogea mita 40. Likipanda mita moja na nusu, mita 60 zako zote zimekwisha na bado hujahesabu wimbi. Ukiniambia kiwanja kiko mita 60, 80 au 100 kutoka majini bila kuniambia kiko juu ya maji kwa kimo gani, hujaniambia kitu. Na tafadhali, hatua si mita. Dalali akiuza anapiga hatua fupi kama bibi harusi, akinunua anaruka kama swala.

Kimo huhitaji kunilipa mimi ili ukijue. Mwite fundi ujenzi mwenye mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani. Simika kijiti kwenye ukingo wa maji, kingine juu kidogo, mpira unapoishia. Mmoja ashike ncha ya chini, mwingine ya juu, toeni kwanza mapovu yote maana povu moja linadanganya kuliko dalali. Maji yakitulia, pande zote mbili yako usawa mmoja: weka alama kwenye vijiti vyote viwili, pima urefu wa kila alama kutoka chini, toa wa juu kwenye wa chini. Sogeza vijiti, rudia mpaka ufike bikoni (alama ya mpaka) ya chini kabisa ya kiwanja, jumlisha. Nusu saa, na umejua kuliko watu wengi waliokwisha kulipa.

Kisha tafuta maji ya zamani yalifika wapi. Kwenye majabali kuna mstari ambapo rangi ya jiwe inabadilika. Usiuchanganye na kinyesi cha mnandi, ambacho kiko juu na kinachuruzika (nimeshaona mtu mwenye shahada akikipima). Angalia miti iliyokaukia wima karibu na maji. Chimba futi mbili kwenye kiwanja: ukikuta udongo mweusi wenye magamba ya konokono, konokono hao hawakupanda bodaboda kuja pale. Na nenda mwaloni ukamuulize mzee aliyevua miaka mingi, mtumbwi alikuwa anaufunga wapi 1998 na anaufunga wapi sasa. Wazee hao wamenisahihisha mara nyingi kuliko GPS.

Naandika kwa hasira, lakini dhambi hiyo ninayo na mimi. Mwaka 2007, nikiwa kijana wa kushika tepu, nilisaidia kusimika bikoni kwenye ufukwe mmoja wa Ilemela. Tulipima mita 60 kwa uangalifu mkubwa, kutoka kwenye maji ya mwaka ule. Mei 2020 nilirudi kutafuta mojawapo kwa ajili ya mgogoro wa mpaka. Nilivua viatu, nikakunja suruali, mwisho nikavua na suruali. Niliipata kwa kidole cha mguu, chini ya magugu maji. Upimaji wenyewe ulikuwa sahihi kwa sentimita.

Kwa hiyo sasa naanzia kwenye alama ya juu kabisa ninayoweza kuithibitisha. Wenzangu wengine huchukua wastani wa maji, na hoja zao si za kipuuzi: ukifuata njia yangu, nusu ya vijiji vya uvuvi ingekuwa haramu. Pia namshauri mteja bikoni yake ya chini iwe mita 2 juu ya alama hiyo. Hizo mita 2 haziko kwenye sheria yoyote, ni woga wangu tu. Rekodi ya 1964 ilikaa miaka 56, iliyofuata haikukaa hata mitano.

"Lakini kina hati." Sawa, hati ni kitu kizuri, kaitunze. Ziko hata hati za zamani kuliko sheria ya 2004, na hizo ni ugomvi wa mawakili. Ila ziwa halijui kusoma. Wa kujaza kifusi naye: umeinua ardhi, mstari haujahama, na sasa una kosa la pili. Choo je? Karibu na maji shimo linajaa kutoka chini kabla hamjalitumia, kisha kila kitu kinaishia pale mnapochota. Upekuzi kwa Msajili wa Hati, idhini ya mwenzi wa muuzaji, majirani kuonyesha mipaka: yote fanya, leo sina pumzi ya kuyaeleza. Ila kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, pita ofisi ya Bonde la Ziwa Victoria, iko hapahapa mjini.

Kwa mwalimu tulikwenda Jumamosi. Kutoka majini hadi bikoni ya chini, tepu ilisoma mita 62, dalali akapiga makofi. Mpira wa maji ukasoma kimo cha mita 1 na sentimita 40. Pembeni palikuwa na jabali, mstari wake sentimita 90 juu ya maji ya siku ile. Nikaupeleka usawa huo nchi kavu, ukaangukia mita 40 kutoka majini, nikachomeka kijiti. Kutoka hapo hadi bikoni zikabaki 22.

Mwalimu alikiangalia kijiti muda mrefu, kama anasahihisha daftari. Dalali akaniangalia mimi, akamgeukia yeye.

"Mama, kama ni hivyo, nina kingine Luchelele. Hicho kina mita 70 kabisa."