Msahihishaji hawindi koma tu

Hapa Lubumbashi wengi bado wanaamini kwamba msahihishaji wa jarida kazi yake ni kuwinda koma na herufi zilizoruka. Sivyo. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi.

Tazama sentensi hii: "Kolwezi, mji wa jimbo la Katanga, ni kitovu cha kobalti." Tahajia ni safi, na kompyuta haitaipigia mstari mwekundu. Lakini Katanga iligawanywa mwaka 2015 kuwa majimbo manne. Kolwezi sasa ni makao makuu ya mojawapo, jimbo la Lualaba. Kosa la namna hii (ndilo baya zaidi, kwa maoni yangu) hukamatwa na anayekagua majina, tarehe, hesabu na maelezo ya picha. Penye utata humwuliza mwandishi. Maoni ya mwandishi, hata yakimkera, msahihishaji hayagusi.