Waya Unaokumbuka Umbo: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Aktueta Ndogo za Msogeo Mnyoofu

Chuo Kikuu cha Makerere kimefanya utafiti wa kuunganisha simu janja na hadubini ili kompyuta itambue vimelea vya malaria kwenye damu. Anayefuatilia kazi ya namna hiyo hufika upesi kwenye swali la kulenga, yaani kuifanya picha ya slaidi ionekane wazi: ni kifaa gani kidogo, kisicho na kelele, kitakachopandisha na kushusha meza ya slaidi bila mkono wa mtaalamu wa maabara? Jibu mojawapo ni aktueta (kifaa cha kusogeza vitu) ya aloi, au mchanganyiko wa metali, inayokumbuka umbo, yaani waya mwembamba wa nikeli na titani, uitwao nitinoli, ambao hufupika unapopashwa joto na kuvuta mzigo. Dhana zisizo sahihi kuuhusu ni nyingi, na kwa maoni yangu karibu zote zina chimbuko moja: watu huutazama waya huu kama sehemu ya umeme, ilhali ni injini ya joto.

Dhana: Waya husogea kwa sababu metali hutanuka ikipata joto.

Ukweli ni kinyume hata kwa mwelekeo. Chuma cha kawaida chenye urefu wa milimita 100, kikipashwa joto kwa nyuzi 70 zaidi, hurefuka kwa chini ya milimita 0.1, ilhali nitinoli ya urefu huohuo, iliyokuwa imevutwa na mzigo, hufupika kwa takriban milimita 4. Kinachobadilika ni mpangilio wa atomi. Waya ukiwa baridi uko katika hali ya martensaiti, ambayo tabaka zake hukubali kuhamishwa kwa nguvu ndogo, na ukipata joto hugeuka kuwa austenaiti, hali ngumu zaidi inayorudisha kila tabaka mahali pake. Tabia ya aina hii ilionwa na Arne Ölander mwaka 1932 katika aloi ya dhahabu na kadimiamu, kabla ya William Buehler kuitengeneza nitinoli katika maabara ya jeshi la majini la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Joto la mageuzi hutegemea mno mchanganyiko: tofauti ya asilimia 1 tu ya atomi za nikeli yaweza kulihamisha kwa nyuzi 100 au zaidi. Kwa hiyo waya ulionunuliwa bila karatasi ya vipimo, hata ukiwa wa bei poa kiasi gani, haufai kwa kazi ya usahihi.

Dhana: Ukishapoa, waya hurudi wenyewe kwenye urefu wa mwanzo.

Waya wa kawaida hukumbuka umbo moja tu, lile la moto. Ukipoa bila kuvutwa, hubaki mfupi. Lazima kuwe na springi, uzito au waya wa pili upande wa pili wa kuurefusha tena. Upo waya uliofunzwa kukumbuka pande zote mbili, lakini msogeo wake ni mdogo na nguvu yake ya kurudi ni hafifu. Springi nayo si ya kuokota popote. Ikiwa ngumu mno, mkazo (nguvu ya mvuto kwa kila eneo la waya, hupimwa kwa megapaskali) hupanda kadiri waya unavyofupika, na mkazo hupandisha joto la mageuzi kwa takriban nyuzi 1 kwa kila megapaskali 7. Ongezeko la megapaskali 70 hudai nyuzi 10 zaidi ili kazi ikamilike. Springi ndefu na laini, iliyokwisha kuvutwa kiasi tangu mwanzo, hubadilisha nguvu yake kidogo tu na kurahisisha udhibiti. Kwa anayetumia nyaya mbili zinazovutana, hatari iko kwingine: akiuwasha wa pili kabla wa kwanza haujapoa, zitapigana hadi mmoja uharibike.

Dhana: Ukitaka kasi, ongeza mkondo.

Mkondo huharakisha nusu moja tu ya safari. Waya wa kipenyo cha milimita 0.1 hufupika kwa muda wa sekunde moja ukipewa takriban miliampea 200, kisha huhitaji kama sekunde moja nyingine kupoa hewani, na hakuna mkondo wowote utakaoufupisha muda huo wa pili. Unaoufupisha ni wembamba. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, metali ya kupozwa huwa mara nne ilhali uso wa kutolea joto huwa mara mbili tu; waya wa milimita 0.025 hupoa kwa takriban sekunde 0.2. Mbunifu anayehitaji nguvu pamoja na kasi hupanga nyaya kadhaa nyembamba sambamba badala ya kutumia mmoja mnene. Mkondo wa kupita kiasi huunguza kumbukumbu yenyewe, hasa pale waya unapozuiwa kusogea huku ukiendelea kupashwa.

Dhana: Kifaa hiki ni cha kuwasha na kuzima tu; hakiwezi kuwa sahihi.

Dhana hii ina chembe ya ukweli, na ndiyo inayostahili kujadiliwa kwa kina. Njia ya joto wakati wa kufupika si ile ya wakati wa kurefuka: waya unaomaliza kufupika karibu na nyuzi 78 huanza kurefuka ukishashuka hadi kama 52. Pengo hilo, linaloitwa histeresisi, linamaanisha kwamba joto moja laweza kuwa na urefu tofauti kutegemea waya ulikotoka, hivyo jedwali la mkondo dhidi ya urefu halitoshi kamwe. Tena, ikiwa milimita 4 zote hutokea ndani ya nyuzi 10 hivi, kila nyuzi moja ni maikromita 400 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Lenzi ya hadubini inayokuza mara 100 hudai ulenge ndani ya maikromita moja, yaani joto lidhibitiwe kwa nyuzi 0.0025. Upepo wa dirisha lililo wazi unatosha kuvuruga hilo.

Ila usahihi haulazimiki kutoka kwenye joto. Wengi huweka wenzo ili kukuza msogeo, lakini kwa kulenga inafaa kuupunguza: wenzo wa ishirini kwa moja hugeuza milimita 4 kuwa 0.2, na hitilafu nayo hugawanywa kwa ishirini, huku nguvu ikiongezeka. Badala ya bawaba, ambayo ina ulegevu na msuguano, tumia bapa jembamba la chuma cha springi linalopinda. Kisha ongeza mrejesho, yaani kupima msogeo halisi na kuurekebisha mkondo. Waya ukifupika kwa asilimia 4 bila kubadili ujazo, umbo peke yake hupunguza ukinzani wake kwa takriban asilimia 8, kwa hiyo waya huohuo unaovuta waweza pia kupima. Kampuni ya Cambridge Mechatronics ya Uingereza hutumia nyaya nyembamba kuliko unywele kusogeza lenzi za kamera za simu, na usahihi wake ni wa maikromita.

Dhana: Ncha za waya zalehemiwa kama waya wowote.

Ngozi ya oksaidi huikataa lehemu, na joto la kulehemu hufuta kumbukumbu ya ncha. Banisha waya kwa kijibomba cha shaba. Kishiko kikilegea kwa maikromita chache kila mzunguko, hesabu zote za juu ni bure.

Dhana: Kwa kuwa ni kidogo, kinakula umeme kidogo.

Waya wa milimita 100 wenye kipenyo cha milimita 0.1 una ukinzani wa karibu omu 12.6. Miliampea 200 huutia wati 0.5, kwa sekunde moja ni julu 0.5. Kazi inayotoka ni nyutoni 1.4 kwa milimita 4, yaani julu 0.0056: ufanisi wa asilimia 1 hivi. Baya zaidi ni kushikilia, kwa sababu waya lazima uendelee kuwa moto hata pasipo kitu kinachosogea. Kwa kituo cha afya kinachotegemea betri ya sola, ni busara kuongeza kufuli dogo la kimakanika linaloishika meza baada ya kulenga.

Dhana: Nitinoli hustahimili asilimia 8, basi itumie yote.

Asilimia 8 ni kwa mara chache. Kwa maelfu ya mizunguko na zaidi, shikilia asilimia 3 au 4, au pungufu ya hapo, na mkazo usiozidi sana megapaskali 150 hadi 200.

Dhana: Joto la mazingira halihusiki.

Ndani ya maabara ya Kampala, pengine. Lakini kifaa kinachopelekwa Moroto, kaskazini-mashariki mwa Uganda, wakati wa kiangazi, kikiwa ndani ya sanduku lililofungwa na kuachwa juani, chaweza kukutana na hewa ya nyuzi 50 na zaidi, wakati waya wa daraja la nyuzi 70 (unaoanza kufupika karibu na joto hilo) hauwezi kurefuka kikamilifu hadi ushuke karibu na 40. Chagua daraja la nyuzi 90. Litadai umeme zaidi kidogo, lakini pengo kati ya waya na hewa likiwa kubwa, kupoa nako huwa kwa haraka zaidi.